Beki wa Mwisho Chini ya Mtende

Asubuhi ile mpira wa raga ulipoziba falaj, mfereji wa maji wa Ibra, mimi nilikuwa juu ya paa naanika mashuka. Kwa hiyo shahidi wa kwanza ni mimi. Na aliyetia chumvi katika kesi ile mpaka ikamharibikia kijana wa watu, kabla haijamtengenekea, ni mimi vilevile. Sijivuni, lakini sikani.

Ngoja nianze na nyumba. Bibi ninayemfanyia kazi alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman tayari ni mke wa mtu, na Kiswahili chake hakijapunguzwa wala kuongezwa tangu siku aliyoondoka kule. Akizungumza, mimi mtu wa Tanga, niliyedhani lugha hii ni mali ya kwetu, hukaa kimya nikajifunza. Kidato cha nne nilikimaliza shule ya jioni, baada ya kazi, wanangu wawili wakiwa wamelala chini ya dawati. Ndiyo maana Kiingereza changu ni cha jioni: gizani kinatembea vizuri, mchana kinafinya macho.

Chini tunakaa mimi na Bibi. Juu amepanga mwalimu wa kike anayefundisha chuoni, mtu wa Ayalandi, mpole kiasi kwamba akigonga mlango inabidi mtu awe amesimama nyuma yake ndiyo asikie. Mara mbili kwa wiki napanda kumsafishia. Mwezi wa sita, joto likiwa limefika pale ambapo nzi wa Ibra wanaacha kuruka na kutembea kwa miguu kutafuta kivuli, akaja mwanawe kumtembelea. Miaka kumi na tisa. Mabega kama mlango wa stoo, nywele rangi ya binzari, na sauti ya mamake. Siku ya tatu jua lilikuwa limemfanya mwekundu kama kamba aliyetoka kwenye chungu.

Bibi alimtazama anavyopanda ngazi, akaniuliza, "Huyu ni mwanafunzi au mchukuzi wa bandarini?"

"Anacheza raga, Bibi."

"Raga ndiyo nini?"

Raga, kwa asiyeijua, ni mchezo ambao mpira wake una umbo la yai, na watu wazima thelathini wanaugombea kana kwamba ndani yake mna hati ya shamba. Nilimweleza Bibi hivyo hivyo. Akasema basi ni mchezo wa jamaa zake marehemu mumewe.

Yule kijana alikuwa beki wa mwisho. Huyo husimama nyuma peke yake, wenzake wote wako mbele, na maadui wanaupiga mpira juu, juu kabisa, uanguke pale alipo. Kazi yake ni kuudaka kabla haujagusa chini, huku watu wenye uzito wa magunia ya mchele wanamkimbilia. Haya yote sikuambiwa na mtu. Niliyasoma kwenye friji.

Nasema kweli. Mamake alikuwa amebandika barua kwenye mlango wa friji, kutoka kwenye akademi ya vijana ya timu ya jimbo lao, na mimi siku ile friji ile niliifuta dakika ishirini, mpaka ikang'aa pande ambazo hata fundi wake hakuzijua. Barua ilikuwa na heshima zote, lakini ilisema hivi: una mbio, una mguu mzuri, una akili ya mchezo, ila mipira ya juu inakudondoka, na huiti kuwaambia wenzako kwamba ni wako. Nafasi yako tumeisimamisha. Njoo mwezi wa nane tukupime tena. Mwisho wake hawakuuandika, lakini hata mtu wa shule ya jioni aliuona: ukidondosha tena, rudi nyumbani ukatafute kazi nyingine.

Tangu hapo nilikuwa namtazama kwa jicho jingine. Kila alfajiri, kabla jua halijakaa sawa, anatoka nyuma ya nyumba na mpira wake, anaupiga juu mwenyewe, anakimbia chini yake, anainua mikono, na pale mwisho kabisa, pale ambapo mimi na wewe tungefumbua macho, yeye anafumba. Paap! Mpira chini. Anauokota. Anaupiga tena. Paap! Nilikuwa na ndoo ya mashuka na moyo unaniuma kama ni mwanangu anayekosea hesabu ubaoni.

Sasa Alhamisi ile aliupiga ukavuka ukuta.

Upande wa pili wa ukuta ni shamba la mitende la Bibi, na ndani ya shamba inapita falaj, ule mfereji wa maji ambao kila mwenye shamba ana zamu yake. Hapa kwetu mtu anaweza kukusamehe ukimgonga gari lake. Ukimpotezea zamu yake ya maji, atakusalimia, lakini hutapenda anavyokusalimia. Na Alhamisi baada ya alfajiri si zamu ya Bibi. Ni zamu ya nduguye, kaka yake mdogo mwenye shamba la jirani, mzee wa miaka sabini na kitu ambaye bado anapanda mitende mwenyewe. Nikiwa soko la wanawake la Jumatano huwa nasema ana tisini. Mimi namwita Babu.

Mpira ulianguka majini, ukaelea taratibu kama una safari zake, ukafika kwenye tundu la jiwe linaloingiza maji kwa Babu, ukaingia nusu, ukakwama. Umbo lile la yai liliziba tundu kama limepimwa na fundi. Maji yakapanda, yakamwagika, yakashika njia ya magari. Mimi juu ya paa nikapiga kelele, kijana hakunielewa, akanipungia mkono.

Nusu saa baadaye mlango ulibishwa. Babu alikuwa amesimama, kanzu imelowa mpaka magotini, mpira kaukumbatia.

"Sabalkheri gani hii?" Bibi alisema kutoka kwenye mkeka wake. "Unabisha kama umetumwa na Izraili."

"Maji yangu yote yamekwenda barabarani! Barabara imeota mitende, dada? Nambie! Imeota mitende?" Akauinua mpira. "Na hili nini? Yai la mbuni?"

"Mpira wa mgeni wangu."

"Basi mgeni wako kanywa maji yangu. Nnataka maji yangu. Toa katika zamu yako."

Hiyo ndiyo desturi: aliyepoteza maji ya mwenzake anarudisha maji. Mgeni hana zamu, kwa hiyo mdaiwa ni mwenye nyumba. Na mabsali ya Bibi, yaani tende zake, yalikuwa yamebakiza siku chache yavunwe, yanahitaji kila tone.

"Maji sina," Bibi akasema.

"Unayo."

"Sina, we mtoto, usinipandishie sauti."

Mtoto wa miaka sabini akashusha sauti, lakini uso ulikuwa umevimba. Niliona ndugu wawili wanakwenda kununiana mpaka Idi. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka wenyewe, bila mimi kuuomba.

"Babu," nikasema, "maji hayarudi, lakini kazi inarudi. Mavuno wiki ijayo. Mchukue huyu kijana akufanyie kazi."

"Huyu? Atayeyuka."

"Huyu kwao ni mdakaji! Kazi yake ni kudaka vitu kutoka mawinguni. Ulaya nzima inamjua. Watu wanalipa tiketi kuja kumtazama anavyodaka."

"Hudondosha?"

Msomaji, hapo ndipo ningeweza kujirekebisha. Nilikuwa nimesoma ile barua kwa dakika ishirini.

"Hata kimoja," nikasema. "Tangu azaliwe."

Babu akamtazama dadake. Akautazama mpira. Taratibu akaanza kutabasamu, na tabasamu lile sikulipenda.

"Ahaa," akasema. "Basi kamba sitaihitaji."

Nieleze kamba. Mabsali ni tende za kwetu huku jimbo la Sharqiyah, hazingojwi ziive kabisa. Hukatwa zingali za manjano, zinachemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, kisha zinaanikwa juani siku kadhaa mpaka zikauke zikunjamane. Kichala kikianguka chini tende zinapasuka na kuingia vumbi, zikichemshwa zinakuwa uji. Kwa hiyo mkwezi hukata kichala akakishusha polepole kwa kamba. Kwa mitende mifupi, penye mdakaji mzuri chini, Babu hukata tu na kuachia. Ni haraka mara tatu. Lakini mdakaji mzuri wa mwisho aliyekuwa naye alihamia Nizwa, na miaka ile yote Babu alikuwa akinung'unika juu ya kamba.

Nilipanda juu kumpa kijana habari. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha mchana kweupe, na alipoelewa, ule wekundu wote wa jua ukamtoka usoni.

"Umewaambia sidondoshi?"

"Nimewaambia kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Tangu uzaliwe."

Alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Nilidhani atakataa, na angekuwa na haki. Lakini mamake alikuwa keshamwambia habari ya maji, na aibu ya kupoteza maji ya mzee ilimkaa zaidi ya aibu ya kudondosha. Akauliza kazi inaanza saa ngapi.

Ilianza jua likichomoza. Bibi aliwekewa mkeka na mto kivulini, mimi nilikuwa na makapu, mama wa kijana alipita kabla ya kwenda chuoni akamwachia chupa za maji na kofia. Babu alifunga kamba yake ya kukwelea kiunoni, akapanda mtende wa kwanza kama anapanda kitandani kwake. Mitende yenyewe ilikuwa na urefu wa nyumba ya ghorofa moja. Vichala alivikata nusu nusu, na kila kipande kilikuwa na kilo nne au tano. Ibra nzima nimewaambia kumi na tano, tafadhali usiniangushe.

Babu ana utaratibu wake. Kabla ya kukata husema, "Jaak!" yaani kinakujia. Wa chini lazima ajibu, "Haat!" yaani lete. Asipojibu, hakati. Ni kwa sababu zamani, alipokuwa kijana, alikata bila jibu, na aliyekuwa chini alikuwa anawaza mambo yake, na kovu la siku ile lipo kichwani mwa mtu mpaka leo.

"Jaak!"

Kijana akasema kitu. Sijui nini. Midomo ilitikisika.

"Simsikii!" Babu akapiga kelele kutoka juu.

"Kasema!" nikamjibu.

Babu akakata. Kichala kikaja, na vumbi lake na maganda makavu yakitangulia. Kijana akainua mikono, akafumba macho, na kichala kikampita katikati ya mikono kama kimekodi njia ile. Puu! Tende kila upande.

Hata nzi walisimama.

"Ulaya nzima inamjua?" Babu akauliza.

"Jua limempiga machoni," nikasema.

"Jua liko nyuma yake, binti."

Sheria ya Babu ni kwamba aliyedondosha anaokota, moja moja, na kuziosha. Siku ile ya kwanza kijana alidondosha vichala kumi na viwili. Bibi, ambaye macho yake hayaoni sindano lakini yanaona kosa la mtu shamba la tatu, alivihesabu kwa sauti, kwa Kiarabu.

Saa nne jua lilitufukuza. Nilikaa na kijana kwenye falaj, miguu majini, tunaosha tende zilizopasuka. Kila tende aliisugua kama mtu anayejitukana moyoni. Nikamwomba radhi kwa uongo wangu. Nikamwambia pia kwamba barua niliisoma.

Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi. Akasema kila mtu anayeingia jikoni kwao huisoma, hata fundi wa kiyoyozi.

Kisha akanieleza, na mimi nimeyaweka kwa maneno yangu. Mwaka uliopita, mechi ya mwisho ya shule, mpira ulipigwa juu kati yake na rafiki yake. Wote wawili walikimbia, wote wakiangalia juu. Yeye ndiye aliyestahili kuita, beki wa mwisho ndiye mwenye sauti. Hakuita. Waligongana, rafiki akavunjika mtulinga, akakosa msimu mzima. Rafiki alikwisha kumsamehe siku nyingi, walikuwa wanaandikiana kila siku. Lakini tangu hapo mpira ukiwa juu sauti inapanda mpaka hapa, akagusa koo, halafu inarudi.

"Kwa nini inarudi?"

Akaosha tende nne tano kabla ya kujibu. "Nikisema ni wangu, halafu ukadondoka, kila mtu anajua ulikuwa wangu."

Jioni nilimweleza Bibi, Bibi akampigia simu nduguye. Sikusikia walichosema isipokuwa mwisho, Bibi aliposema, "Basi weye ujue la kufanya, huo mtende wako."

Siku ya pili alidondosha kumi. Siku ya tatu tisa, na kimoja kilimpiga bega. Siku ya nne Babu akapanda mtende wa kwanza, akasema, "Jaak!" kijana akanong'ona kama kawaida, na Babu hakukata.

"Jaak!"

Mnong'ono.

Babu akajiegemeza kwenye kamba yake, akakunja mikono kifuani, akawa anatazama milima. Ilikuwa saa moja na nusu, na jua la Ibra halijui mambo ya kuchelewa. Dakika tano zikapita. Kumi. Nikaona jasho la mzee linashuka kwenye shina la mtende. Nitasema lilifika chini likamwagilia mizizi, na huo si uongo mkubwa sana.

"Babu, shuka!" nikamwambia.

"Nnangoja jibu."

"Kajibu!"

"Kamjibu nani? Mimi niko huku. Mwambie asijibu kifua chake, anijibu miye."

Nikamwambia kijana. Akaniangalia, macho yana maji, sijui ya jua au ya nini. Bibi akajiinua kwenye mto wake.

"Mwanangu," akamwambia kijana kwa Kiswahili kitupu, kana kwamba kijana naye alizaliwa Malindi ya Unguja, "mjibu bwana huyo! Ndugu yangu ataiva huko juu kabla ya tende!"

Nikatafsiri. Babu huko juu hakumsikia dadake, akauliza kasema nini, nikamrudishia. Akacheka mpaka kamba ikatikisika. Kijana alipomwona mzee anacheka huko juu na mundu mkononi, akacheka na yeye. Babu akamwambia, kupitia kwangu, kwamba vimeanguka vichala thelathini na kimoja tangu Jumamosi, na kilichoumia ni mgongo na bega la muokotaji tu. Cha thelathini na mbili kikianguka kitaokotwa vilevile.

"Sasa. Jaak!"

"Haat!"

Wallahi, njiwa waliruka. Mbwa wa shamba la tatu alibweka. Mimi naamini watu wa Fanja, mji wa mbali huko, walisimama wakaulizana nani kaita. Babu akakata, kichala kikaja na vumbi lake, na nilimtazama kijana usoni, sikutazama tende hata kidogo. Macho yalikuwa wazi. Yamejaa maganda, yanatoka machozi, lakini wazi. Akageuka ubavu, akainua goti kama anapanda ngazi, kichala kikamwingia kifuani kwa kishindo, akakifunga mikono.

Hakuna aliyepiga makofi. Babu alisema tu, "Jaak!" kwa kile cha pili, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi.

Siku ile alidondosha vitatu. Kila alipodondosha alikuwa amekwisha kuita, na kila alipookota aliokota akiwa anacheka na Babu, kila mmoja kwa lugha yake, mimi katikati nimekauka koo kwa kutafsiri matusi ya kirafiki. Wiki ya pili Babu akahamia mitende mirefu kidogo. Siku za mwisho akawa anamzingua, anasema "Jaak!" akiwa upande huu, anakata upande ule, kijana anakimbia huku anaita. Mama yake alikuja Ijumaa moja akakaa mkekani karibu na Bibi, akamwona mwanawe anapiga kelele kama mnadi wa mbuzi, akaziba mdomo kwa mkono na hakuutoa mpaka mtende ulipoisha.

Bibi akamwambia, na mimi nikatafsiri, "Umemlea kimya, sisi tumekuongezea sauti. Usitudai."

Mwisho wa mwezi wa saba akaondoka. Babu alimletea kapu la mabsali yaliyokauka. Akamwambia maji aliyokuwa akidai yamelipwa, na nusu ya kapu ni ziada. Tukakaa kungoja mwezi wa nane.

Sijui kama umewahi kungoja matokeo ya mtihani wa mtu mwingine. Mimi ya kwangu ya kidato cha nne sikuyangoja hivi. Siku ya kipimo nilikaanga maandazi mara mbili kwa kusahau. Babu alikuja kunywa kahawa saa tatu asubuhi, akaja tena saa tano, akaja tena adhuhuri, kila mara akidai anapita tu. Alasiri mwalimu alishuka na simu yake.

Kijana alikuwa ametuma video iliyopigwa na rafiki yake, yule yule wa mtulinga. Uwanja wa kijani mpaka unaumiza macho, na mvua inanyesha kwa ubavu, hainyeshi kutoka juu kama mvua ya watu. Kijana yuko nyuma peke yake. Mpira wa kwanza ukapigwa juu. Tukamwona anakimbia, mdomo uko wazi, anaita. Na mpira ukamteleza mikononi, ukaanguka.

Bibi akasema, "Ya Rabbi." Babu akaishika simu kwa mikono miwili.

Kijana akauokota mpira akaurudisha. Akarudi mahali pake, akajifuta macho kwa kola. Wa pili ukapigwa, juu zaidi, upepo unaupeleka pembeni, na mtu mwenye shati jekundu anamjia mbio. Akaita. Sauti ile ilisikika hata kwenye simu, hata katika mvua, na wenzake wawili waliokuwa karibu wakampisha kama wamesukumwa. Goti juu, ubavu, kifuani. Yule wa shati jekundu akamgonga, wakaanguka wote, na mpira ukabaki kifuani.

Akadaka wa tatu. Wa nne. Wa tano ukamchenga kwa upepo, akaukimbilia akaupata baada ya kudunda.

Sasa soko zima la Jumatano linajua kwamba aliita, "Haat!" na Waayalandi wote wakashangaa. Mimi ndiye niliyewaambia. Ukweli ni kwamba aliita kwa lugha yao, neno lao la kawaida, na nilimuuliza mwenyewe baadaye akasema la Kiarabu halikumjia kabisa. Lakini Babu anapenda ile ya sokoni, na mimi sikuona sababu ya kuirekebisha.

Barua ya pili ilibandikwa kwenye friji juu ya ile ya kwanza. Hii niliisoma mamake akiwa amesimama pembeni yangu, ananishikia kitambaa. Mwaka mmoja katika akademi. Mipira ya juu bado ina kazi, waliandika, lakini sauti imepatikana.

Mechi yake ya kwanza na timu ya vijana tuliitazama chumbani kwa Bibi, simu imeegemezwa kwenye buli. Alikaa benchi na koti kubwa tangu mwanzo. Bibi akauliza amefanya kosa gani hata amekalishwa. Nikamwambia anangoja zamu. Zamu Bibi anaielewa, akatulia. Zikabaki dakika kumi, akaingia, na kwa dakika zote kumi hakuna hata mmoja aliyeupiga mpira juu. Alikimbia huku, akakimbia kule, akaita, akapanga wenzake kwa mkono, mpira wenyewe akaugusa mara moja tu, chini, akautoa nje.

"Mbona hawampigii?" Babu alikuwa amekasirika kweli. "Si yupo pale? Hawamwoni?"

Baada ya mechi kijana alipiga simu. Matope mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anaongea haraka, kwa sauti kubwa, mpaka mamake akamwambia apunguze, kisha mama mwenyewe akajishika mdomo akacheka kwa kusikia alichokisema. Habari yenyewe ilikuwa hii: Jumamosi inayokuja beki wa mwisho wa kawaida ana jeraha, na kocha amemwambia yeye ndiye ataanza, tangu dakika ya kwanza.

Nilitafsiri. Babu akasema ataleta mto wake mwenyewe. Bibi akauliza saa ngapi, na nilipomwambia saa kumi na moja za jioni kwa saa za huku, akahesabu vidole, akakunja uso.

"Magharibi itaadhiniwa katikati."

Nikapiga hesabu zangu. Dakika arobaini, kisha mapumziko.

"Wanapumzika, Bibi. Karibu na magharibi hasa."

"Alaa!" Bibi akaegemea mto wake, ameridhika. "Kumbe watu wenye adabu."